Mfungo kwa Herufi ya Duara

Alhamisi, 6 ya mwezi wa Yekatit

Blogu yetu haina mtu. Nimeitafuta mtandaoni kwa simu ya jirani, isije yangu ikanipendelea — ukurasa wa kwanza wa majibu haipo, wa pili haipo, nikachoka. Na mapishi yote ya mfungo ya Mama, yasiyo na nyama wala maziwa, yamo humo! Baba ndiye aliyenitajia: shiro ya unga wa njegere, azifa ya dengu, siljo ya uji wa maharage uliochachushwa kwa haradali, yote aliyomwona Mama akipika kabla hajatutoka mwaka jana. Tangu msiba ule maneno yake ni "ndiyo" na "bado". Akianza kutaja mapishi tu, anakuwa Baba tena. Kwa hilo nashukuru, wasome wasisome.

Lakini leo kauliza nani kaja kusoma. Nikasema bado. Akasema basi tuache, mwanangu, kila nyumba ina mapishi yake. Akarudi chumbani. 

Jumamosi, 8 Yekatit

Feven kaja! Tuko naye ofisi moja, ila mambo ya tovuti anayajua yeye. Kaangalia blogu, kacheka mpaka kamwaga kahawa.

"Dada wee, kichwa gani hiki, 'Harufu ya Nyumba Yetu'? Nani mwenye njaa atatafuta hivyo? Mtu anaandika 'siljo inatengenezwaje', basi!"

Nimebadili vichwa vyote. Picha zangu zilikuwa nzito, ukurasa unachelewa kufunguka — kazipunguza. Tumeunganisha kurasa, anayesoma shiro aione na azifa. Asante yenyewe hakuitaka. Mungu ampe maisha marefu, yeye na mdomo wake!

Jumatano, 12 Yekatit

Siku ya kuwakumbuka mashahidi waliouawa, ofisi imefungwa. Blogu bado kimya. Feven kapiga simu: kagundua tatizo. Ni neno lenyewe la mfungo, tsom! Katika maandishi yetu sauti ile ya mwanzo ina herufi mbili zinazosomwa sawa, moja ya miguu na moja ya duara. Mimi naandika ya miguu, kama Baba alivyonifundisha. Wanaotafuta, karibu wote, wanaandika ya duara.

"Wewe na Merigeta mko sahihi," kasema. "Na mko peke yenu."

Merigeta ni Baba. Mtaa mzima unamwita hivyo, kwa kuwa kafundisha nyimbo za kanisa maisha yake yote.

Nikamwambia Baba polepole. Lo! Kasimama. Eti herufi ya duara ina maneno yake, mfungo haumo. Eti nataka kumwaibisha mama yangu kwa tahajia ya wavivu? Nimekaripiwa nikakaripika. Na ndani nilikuwa nafurahi, Mungu anisamehe — sauti yake imerudi!

Ila kakataa katakata.

Ijumaa, 14 Yekatit

Nimefanya. Bila ruhusa. Vichwa nimemwachia Baba herufi yake. Kwenye maelezo mafupi yanayotokea mtu akitafuta, na mara moja ndani ya kila ukurasa, nimetia ya duara. Najua alikataa. Lakini siljo inataka siku kadhaa ichachuke, na Jumatatu mfungo mkuu unaanza. Anayeitafuta, anaitafuta sasa.

Jumapili, 16 Yekatit

Mtaa wetu wote wa Gulele unanukia nyama ya mwisho kabla ya mfungo. Feven katuletea mchuzi wa kuku, eti tusiingie kwenye mfungo na nyuso za njaa.

Na tumo ukurasa wa kwanza! Wa kwanza! Watu wanaingia tangu asubuhi. Nimelia jikoni peke yangu. Asante Mungu, asante Feven, asante Mama. Baba sijamwambia. Nianzie wapi?

Jumatatu, 17 Yekatit

Mfungo umeanza. Mwanamke wa mji wa Dessie, Yeshimebet, kaacha ujumbe chini ya siljo. Mama mkwe wake ndiye aliyekuwa akiitengeneza, na sasa kafariki. Yeye kajaribu, imekuwa chungu. Kakosea wapi?

Nikakimbia na simu kwa Baba. Furaha ikanisahaulisha — neno lile liko pale, la duara, kwenye ujumbe wake na kwenye ukurasa wangu!

Kaliona. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa. Nikasema nisamehe, Baba.  Nikajua nimeharibu kila kitu.

"Haradali kaitia mapema," kasema mwishowe. "Mama yako alikuwa anangoja uji upoe, mpaka kidole kivumilie. Andika."

Anataja, naandika. Kama zamani! Mpaka tulipofika kumtakia mfungo mwema. Kidole kikagoma.

"Kwa herufi ipi, Baba?"

"Yeye kaandika ipi?"

"Ya duara."

Kaitazama simu. Midomo inacheza, nikangoja karipio.

"Kafiwa huyu," kasema. "Mwandikie ya kwake."

Nimeandika. Sasa anauliza kama kuna wengine walioleta maswali. Wapo, Baba, wapo! Kavuta kiti karibu, na mimi namsomea linalofuata.