Nilimshangilia Beldina Mama Akiwa Kando Yangu

Mpendwa Shangazi Wangeci,

Nisaidie kabla sijazoea kumkimbia mama yangu mzazi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, naishi mtaa wa Kware, Nairobi, na ni karani katika ghala moja la Industrial Area, na mama yangu, Kathini, ni fundi wa nguo mtaa wa Huruma, ana kibanda chake pale tangu nikiwa darasa la pili, na mwaka jana yalimpata mambo ambayo hata sasa nikiyasimulia naona kama nadanganya.

Mwelekezi wa filamu anayeitwa Phares alikuja Huruma kutafuta mahali pa kupigia picha, akakipenda kibanda cha mama, akamwomba aketi tu pembeni ashone huku mwigizaji wake akisema maneno, lakini siku ya pili mwigizaji huyo akaugua, na Phares, kwa kukosa la kufanya, akamwambia mama ajaribu yeye. Hadithi ilikuwa ya mama anayeletewa habari kwamba mwanawe amekufa, na kwenye karatasi iliandikwa apige mayowe. Mama akakataa. Akasema, "Mwanangu, mtu hapigi mayowe akiwa na nguo ya wenyewe mkononi." Phares akamuuliza, "Basi wewe ungefanyaje, mama?" Alivuta kiti, akaketi kwenye cherehani, akaanza kushona.

Sasa Shangazi lazima nikwambie habari za kaka yangu Munyoki, ambaye miaka saba iliyopita alianguka kutoka ghorofa ya tano akiwa kazini mjengoni, na mimi ndiye niliyempelekea mama habari. Alimaliza mshono, akakata uzi, akaikunja ile nguo ya mteja vizuri, kisha akaniuliza, "Alikuwa amekula?" Nilikosa la kumjibu. Kwenye mazishi hakulia, na tangu hapo jina la Munyoki halijatajwa kati yetu, mimi nikiogopa kumuumiza na yeye akinyamaza, tukaendelea hivyo, Krismasi saba.

Filamu niliiona mara ya kwanza kwenye ukumbi wa kanisa, watu wamejibana hadi madirishani, uso wa mama umejaa ukuta mzima, na yule mama wa ukutani akamaliza mshono, akakata uzi, akakunja nguo, akauliza, "Alikuwa amekula?" Mzee mmoja mbele yangu alivua kofia akaishika kifuani kama tuko kaburini. Nikamtazama mama aliyeketi kando yangu na karatasi yake ya njugu, nikamtazama yule wa ukutani, nikashindwa kujua ni yupi niliyeishi naye miaka yote hii.

Baada ya miezi michache akateuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji bora wa kike, fundi ambaye hajawahi kukanyaga jukwaa. Na katika kitengo hicho hicho akateuliwa Beldina, rafiki yangu tangu tukicheza kamba kwenye ngazi za ploti yetu ya kupanga Huruma, ambaye ameigiza miaka kumi na tano, amezunguka shule za nchi nzima akiigiza vitabu vya mtihani, amekataliwa mara nyingi mpaka akaacha kunihesabia. Mama alinishika mkono akasema, "Mwongeli, niombee." Nikamwambia nitamwombea. Shangazi, nilimwombea Beldina. Kila asubuhi, kwa jina lake.

Nilijiambia ni kwa sababu Beldina amehangaika zaidi. Ni kweli, lakini si yote. Ukweli ni kwamba sikutaka mama asimame mbele ya watu aulizwe alijifunzia wapi kuigiza, awajibu, "Kwa mwanangu Munyoki." Wageni wamepewa kile ambacho mimi sijawahi kupewa. Naona aibu kuandika kwamba niliionea kamera wivu.

Siku ya hafla mama alivaa gauni la buluu alilojishonea, nami nikaketi kando yake, Beldina akiwa meza ya mbele. Walipoonyesha kipande cha mama, wahudumu walisimama na sinia mikononi. Kisha bahasha ikafunguliwa, likasomwa jina la Beldina, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimesimama napiga kigelegele. Nilipogeuka mama alikuwa ameketi, ananitazama. Akasema polepole, "Kumbe ulikuwa unamwombea yeye." Halikuwa swali. Kisha naye akasimama, akapiga makofi.

Beldina alipofika jukwaani hakusoma karatasi aliyoandaa. Alisema, "Nimeisomea kazi hii, nimeililia. Lakini nilipomwona Mama Kathini akikata ule uzi, nilijua bado sijaanza. Mama, tafadhali simama tukuone." Mama alikuwa amesimama tayari. Ukumbi mzima ukainuka, watu ninaowaona kwenye televisheni, wakamgeukia mama yangu wa Huruma, naye akawainamia kidogo kama anavyowainamia wateja. Sijawahi kuona kitu kikubwa namna ile, na nilikuwa hapo kando yake, nikitamani ardhi inimeze.

Ni wiki tatu sasa. Sijakanyaga Huruma, na simu za Beldina sizipokei. Niombe msamaha vipi? Au ninyamaze, kwa kuwa mama mwenyewe hajaniambia neno?

Mwongeli, Kware

*

Mwongeli mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliwasomea wenzangu hapa gazetini. Mama yako ni mtu wa ajabu. Umebahatika, na umejificha Kware kama mwenye deni.

Kumtakia rafiki ushindi si dhambi. Beldina alistahili, na mama yako alilijua hilo alipompigia makofi. Kosa lako ni kumwahidi mama sala ukampelekea mwingine. Hilo liombee msamaha kwa sentensi moja, usilipambe.

Lakini hicho kigelegele si ugonjwa wako. Ugonjwa wako ni kwamba kaka yako alikufa na hukumlilia na mtu. Unasema wageni wamepewa chako. Nani alikunyima? Yule mwelekezi alimuuliza mama yako angefanyaje, akatulia kungoja. Wewe ulinyamaza miaka saba ukauita ukimya huo huruma, na huruma ya namna hiyo humwacha mtu peke yake ndani ya nyumba yenye watu. Tena lile swali la chakula uliulizwa wewe kwanza, kabla ya kamera yoyote. Kama unajua jibu, mpe. Kama hujui, mwambie hujui, na kwamba limekusumbua.

Wivu wako siukemei sana, maana ni njaa tu. Ninachokemea ni hizi wiki tatu. Mama wa watu ameinukiwa na ukumbi mzima, akarudi nyumbani hana wa kumsimulia. Hivyo sivyo tulivyolelewa.

Leo, ukimaliza kusoma hapa, mpigie Beldina umpe hongera yake. Amesubiri miaka kumi na tano, asisubiri tena kwa sababu ya aibu zako.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, nenda Huruma. Usiende na shangazi wala mchungaji. Pika wewe, mle, uoshe vyombo. Kisha keti karibu naye useme, "Mama, niambie habari za Munyoki." Utanyamaza hapo. Ataanza anapotaka yeye, pengine utotoni, pengine siku ile. Asiposema kitu, rudi Jumapili nyingine umuulize tena. Na akilia, usimkimbilie na leso, wala usimwambie anyamaze.

Shangazi Wangeci