Siku Niliyoitwa Kuzungumza Shuleni kwa Nafula

Kabiria, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Mama Nafula,

Habari za hapo nyumbani? Mguu wa mama umepungua uvimbe? Anafika kwa jirani sasa, ama bado anazunguka uani tu? Na kijana wetu Wekesa, kikohozi kimemwacha? Sisi huku tuko salama. Nafula amerefuka mpaka sketi ya shule imempanda magotini, na anasoma vizuri.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwa simu ungeanza kuniuliza maswali katikati, nami ningeishia njiani. Tafadhali soma mpaka mwisho.

Unamkumbuka Musyoka, yule rafiki yangu Mkamba tunayeosha naye vioo vya maghorofa mjini, aliyekuletea asali? Nilikuambia ameenda kwao Kitui likizo. Hakwenda. Alianguka. Tulikuwa tunashuka, tumekaribia chini, kamba yake ikaachia akatua juu ya mabati ya kibanda cha walinzi. Yuko hai. Mguu ulivunjika vibaya, sasa anatembea kwa magongo, kwake Kangemi. Mimi nilikuwa nimening'inia kando yake. Nilimsikia akisema "Ai!" kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, kisha nikasikia mabati.

Tangu siku hiyo sikupanda tena. Kila asubuhi nilivaa mikanda ya kujifunga kama wenzangu, halafu nikatafuta kisingizio. Leo tumbo, kesho nibaki niwasaidie wanaoosha vioo vya chini. Wenzangu walinifichia. Nikishika kamba tu, niliiachia. Nyumbani nako sikai. Nafagia palipofagiwa, napanga viatu, natoka nje narudi, natoka tena. Nafula alikuwa ananitazama tu.

Sasa shule yao huwa inaita watu waje kuwaeleza wanafunzi kazi zao na maisha yao. Nafula akanitaja bila kuniuliza.

"Madam Achieng' amesema uje na mikanda yako," akaniambia.

"Mwambie nina kazi nyingi."

"Baba, nishawaambia wote wewe huona Mlima Kenya ukiwa job."

Ningekataaje?

Nikaenda, Alhamisi ya wiki juzi. Gredi ya nane yote ilikuwa imebanana darasani. Kabla yangu alizungumza muuguzi mmoja wa Dagoretti, mama mcheshi, na jamaa wa bima anayekaa mtaa wa Mountain View, mwenye tai na maneno mengi. Zamu yangu ilipofika nikavaa mikanda pale mbele ya ubao. Wakapiga kelele, "Baba Nafula ako fiti!" Nikawaeleza tunavyofunga mafundo, na upepo wa mchana unavyoweza kukugeuza ukajikuta umeupa ukuta mgongo. Nikawaeleza kuhusu watu wa maofisini, wengine hukupungia mkono na wengine hujifanya hawakuoni. Wakacheka sana niliposimulia kuhusu mkubwa mmoja niliyemkuta akicheza dansi peke yake ofisini. Nafula alikuwa karibu na dirisha, meno yote nje.

Ndipo msichana mmoja wa nyuma akainua mkono. "Na huwa unaogopa?"

Jibu ninalo siku zote: mtu huzoea. Hata wewe nimekuambia hivyo. Safari hii sikulitoa. Nikajaribu kufungua mkanda ili niketi, vidole vikakataa.

"Naogopa," nikasema. "Rafiki yangu alianguka nikiwa kando yake. Tangu hapo sijapanda."

"Sasa ukienda kazi unafanya nini?"

"Navaa hivi, halafu najificha."

Mama Nafula, hakuna aliyecheka. Yule muuguzi aliinuka akanifungua mikanda polepole, mmoja mmoja, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaa hapa na mimi, baba." Nikamtafuta Nafula kwa macho. Alikuwa amelaza kichwa juu ya dawati.

Jioni tulitembea kurudi nyumbani mpaka karibu na wauza makaa. Nafula akasimama.

"Kwa hivyo kila asubuhi ulikuwa unanidanganya?"

"Ndiyo."

"Mama anajua?"

"Hapana."

"Mimi nilidhani umeshikwa na ugonjwa mbaya unatuficha. Nilidhani unakufa!" Akalia pale pale barabarani, watu wakitupita. Nikamkumbatia. Alipotulia akasema, "Mwambie mama. Usipomwambia, nitamwambia mimi."

Kesho yake nilimwendea msimamizi wetu. Nikamwambia sipandi mpaka kamba zote zikaguliwe, na hata zikikaguliwa sijui kama nitaweza. Alifoka, akasema vijana wanaotaka kazi yangu wamejaa getini. Nikadhani kazi imekwisha. Lakini Otieno, yule mwembamba asiyependa maneno, akavua mikanda yake akaiweka chini. Mwingine naye akavua. Msimamizi akatutazama, akatoka nje kupiga simu. Kamba kuukuu zimeondolewa, na mimi nimewekwa juu ya paa, nakagua kamba na mafundo ya wenzangu kabla hawajashuka. Huko pia sikai. Nazunguka, naenda ukingoni, nachungulia chini, narudi. Kuna asubuhi natamani kushuka nao. Nyingine natamani kufunga virago nije tulime pamoja. Halafu nawaza kwamba hata shambani nitakuwa nazunguka hivi hivi.

Jana tulikwenda kumwona Musyoka. Nilipomsimulia mambo ya shule alicheka mpaka akashika mbavu. Madam Achieng' anataka nirudi nizungumze na gredi ya saba, nami nilikuwa nasita. Musyoka akasema, "Twende wote. Wewe waeleze ya juu, mimi nitawaeleza ya chini." Nafula alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Nimekubali.

Nisalimie mama, lakini haya usimwambie mpaka mguu wake upone. Msalimie ndugu yangu Simiyu, na asante yangu kwa kukukamulia ng'ombe. Mchungaji mwombe aniweke kwenye maombi, asiulize sababu. Wekesa mwambie baba yake anamkumbuka.

Ukimaliza kusoma, kasirika kwanza, una haki. Kisha niambie unavyoona wewe, nije ama nibaki. Nimechoka kuwaza peke yangu.

Ni mimi mumeo,
Baba Nafula