Simu Nimeituma na Doa Lake

Chumba cha Uani,
Nyuma ya Duka la Rangi.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa mmoja una malengelenge ya pasi. U hali gani? Ule mguu umepungua kuvimba? Usiniitikie salama ya kunifurahisha, maana nakujua, wewe hata ukiwa umelala chali huna nguvu utasema hujambo. Shemeji naye? Kifua kimeachia?

Sisi huku tunavuta pumzi, Mungu tunamshukuru kwa hilo. Lakini uzima wa mwili si uzima wa moyo.

Na mjukuu wangu Chiriku je? Anakula? Anasema maneno gani mapya? Akilala hapa alikuwa lazima ashike sikio la mtu. Sijui siku hizi anashika la nani. Kama ni lako, mvumilie, vidole vyake vina baridi lakini atasinzia upesi.

Utashangaa kuona barua ilhali simu zipo. Simu yenyewe ndiyo hiyo iliyomo kwenye kifurushi, nimeizungushia foronya. Usiiwashe bado. Soma kwanza mpaka mwisho tafadhali, nazijua haraka zako.

Nilishukuru sana ulipotuambia mkwe na mtoto wapo kwako. Angekwenda wapi tena, na wewe ndiwe uliyewakutanisha? Ukaniambia nisije, akiniona mlangoni atafunga begi tena. Sikukasirika. Nililia kidogo, nikarudi kwenye pasi, maana nguo za watu hazijui msiba.

Sijui amekueleza nini. Nadhani amekuambia mwanangu ana wanawake. Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo, kwa sababu aliyasoma kwa macho yake. Alikuwa anatandika kitanda, simu ya mumewe iko juu ya kabati, ikalia ting. Imeandikwa, "Wanawake wapweke walio jirani nawe wanakusubiri." Hajakaa sawa, ting nyingine, "Amekutumia picha, fungua." Na kipicha pembeni, mdogo wangu, cha mtu aliyesahau kuvaa.

Tena dalili alikuwa ameshaziona. Mwanangu alikuwa akiingia ndani anailaza simu kifudifudi. Ikilia anaikalia. Akienda kuoga anaibeba. Sasa mke atafikiri nini? Atafikiri simu nayo inaoga?

Akamuuliza. Badala ya kujibu kama mtu, mwanangu akapandisha sauti, "Kumbe unapekua simu yangu?" Hapo ndipo alipoharibu. Nilikuwa uani naanika, nikasikia, nikajua leo kumekucha. Mwenye haki haanzi na kelele.

Ukweli wenyewe ni aibu tupu. Ni mpira. Pale karakana anaposhonea makochi wenzake walimwonyesha pahali pa kutazamia mechi za bure kwenye mtandao. Kabla mechi haijafunguka pakatokea maandishi, "Bonyeza Ruhusu kuonyesha kwamba wewe si roboti." Na yeye si roboti, ni mtoto wa mama yake, akabonyeza. Kumbe hapo ameruhusu wenye ukurasa ule wamtumie matangazo wakati wowote wanaotaka, hata mechi ikishakwisha, hata ukurasa wenyewe akiwa ameufunga. Mara simu yako ina virusi, mara umeshinda gari, mara hao wanawake wasio na makwao. Akabonyeza penye "Safisha sasa" akidhani anapona, ikaingia takataka nyingine, sasa matangazo yakawa yanaziba kioo chote akitaka hata kupiga simu.

Aliona haya kumwambia mkewe. Wenzake ndio walikuwa wakimcheka, "Fundi Makochi, wageni wako wamefika, waandalie pa kukaa!" Yeye anacheka nao, akirudi nyumbani anaikalia simu.

Baada ya ugomvi ndipo akaenda kwa fundi wa simu pale kona. Fundi akamwambia hakuna virusi wala jini, ni ruhusa tu uliyoitoa, ukiiondoa wanakatika. Wakaiondoa. Mwanangu akarudi mbio, uso unang'aa, akamwekea mkewe simu mkononi, "Tazama, tazama mwenyewe, hakuna kitu!"

Mkwe akaitazama, akamrudishia. Akasema, "Ndiyo. Umefuta."

Neno hilo moja tu. Kesho yake asubuhi nimerudi kupeleka mashuka nikakuta kandambili za mtoto hazipo mlangoni.

Mimi ni dobi, hii ndiyo kazi iliyomlea huyo mwanangu. Sikusoma, lakini dobi yeyote anajua, nguo ikija na doa hulifui kabla mwenye nguo hajaliona. Unamkunjulia, unamwonyesha, imeingia nalo hilo. Ukilifua kimyakimya likabaki na kivuli, umelifanya wewe. Mwanangu kakulia chini ya kamba zangu na bado alikwenda kulifua doa kabla mwenyewe hajaelezwa limetoka wapi. Sasa atamwonyesha nini? Nilimwambia ampigie picha simu za wenzake pale karakana, nazo zina wageni haohao. Akapiga, akamtumia. Mkwe akajibu picha hutengenezwa, kisha akamfungia asimpate tena. Mimi ananipokea, anasema "Shikamoo mama," halafu nasikia tu Chiriku anaongea nyuma, halafu inakatika.

Basi nikafanya jambo. Nikamwambia mwanangu anionyeshe ule ukurasa. Akasema, "Mama, haya si mambo yako." Nikamwambia, "Mimi nimefua nguo zako zote, una siri gani?" Akanionyesha huku ametazama ukutani. Nikaufungua kwenye simu yangu, ikaniuliza kama mimi ni roboti, nikamtaja Mungu, nikabonyeza Ruhusu kwa kidole changu hiki. Pasi haijapata moto, ting. Wanawake wapweke walio jirani nami wananisubiri.

Tangu siku hiyo sijaifua. Nimewaacha waje. Usinione mjinga, kwangu ni ushahidi. Lakini nimetahayari, mdogo wangu! Muuguzi mmoja alikuja kuchukua sare zake, simu iko juu ya meza ya kupigia pasi, ikalia, picha ile ikatokea kioo kizima. Akaishika sare yake kifuani, akasema, "Mama, hata wewe?" Nikamweleza, akacheka mpaka akakaa. Mimi nilicheka naye kwa mdomo. Mwenye nyumba ya wageni yeye hakucheka. Alinitumia ujumbe wa mashuka ya haraka, ukafunikwa na matangazo, sikuuona, akampa kazi dobi mwingine. Sawa. Mashuka yatakuja mengine.

Sasa nakuomba. Simu nimeiwekea bando. Kaa naye mahali pa utulivu, Chiriku awe nje, yale si ya mtoto kuona. Iwashe, washa na data, iweke katikati yenu, msiiguse. Watakuja wenyewe, hawachelewi. Kisha mwambie hivi: mama mkwe wako, magego yameng'oka, magoti yanalia kama bawaba, naye anasubiriwa na wanawake wapweke. Je, na yeye ana hawara?

Asibonyeze chochote kinachojitokeza, hata kikisema simu inakufa. Waongo hao.

Akishaona, na awe ameona kweli, ndipo muifute. Fundi alinielekeza nikaandika pembeni ya gazeti, nakunakilia. Fungua ile ya kuingilia mtandao, kile kiduara cha rangi rangi. Juu kuna vidoti vitatu, bonyeza, nenda Mipangilio, tafuta Arifa. Utaona majina ya kurasa zilizoruhusiwa, mengine hayasomeki, kama mtu kakanyaga herufi. Ondoa zote usizozijua, palipo na Ruhusu weka Zuia. Halafu tazama programu za simu, ukikuta ya kusafisha ambayo hukuiweka wewe, itoe. Basi, hakuna zaidi. Mwombe mkwe afanye yeye kwa mkono wake, anajua kuliko wewe na mimi. Ninataka aone jinsi lilivyoingia na jinsi linavyotoka.

Ningekuja mwenyewe na simu mkononi, lakini umenikataza, na pia naogopa kumwacha huyu mwanangu. Chakula hali vizuri. Kule karakana kuna kochi la mteja limebaki mbao na sponji, kitambaa kimekunjwa juu yake, halivalishwi. Nikimwambia aende akaombe msamaha anasema, "Akiamini simu kuliko mimi, abaki na simu." Maneno ya mdomo hayo. Jana nilimkuta amekaa kwenye kitanda cha mtoto, magoti yamemfika kidevuni, anarekebisha mguu wa kitanda ambao haukuvunjika.

Dereva wa lori la mbao ndiye aliyenibebea kifurushi hiki, ndiye pia aliyeniambia kwamba amesikia mkwe anamtafutia Chiriku shule huko kwenu. Mtu akitafuta shule ameshahama moyo.

Nakuambia wewe kwa sababu sina mwingine, sina tumaini kubwa. Naona nimetuma simu kama mtu anayepeleka maji kwa mkono, yanavuja njiani. Huenda akatazama, akaelewa kabisa kwamba hakukuwa na mwanamke, na bado asirudi. Maana wanawake wale ni wa uongo, lakini kufichwa alifichwa, na kufokewa alifokewa. Hilo fundi wa simu hana pa kubonyeza. Ukimwona ananyamaza baada ya kuangalia, usimsukume. Mwambie tu mama amesema hukukosea kuuliza. Hilo mwambie hata kama simu imekataa kuwaka.

Akikataa hata kuitazama, pia usimlazimishe. Isafishe kama nilivyokuandikia, ubaki nayo, itakufaa kuliko mimi. Wateja wangu wananijua nilipo. Sauti niliyokuwa naisubiri kwenye simu hiyo ni moja, na ikiwa haitaki kuongea nami, simu nitaifanyia nini?

Msalimie sana shemeji, kifua akifunike. Msalimie Shangazi Mrefu, mwambie shuka lake lile la maua nimelitoa kutu, nalitunza. Jirani yako mwuza mkaa naye mpe salamu, ananikumbuka. Mkwe mwambie shikamoo yake naipokea kila mara, hata inapokatika. Na Chiriku mbusu kwenye kisogo, pale penye jasho.

Mungu akunyooshee huo mguu, aipoze nyumba yako, na yangu aikumbuke hata kama ni ya mwisho kwenye foleni.

Jibu lako mpe dereva wa lori. Akishapakua mbao huwa anapita hapa kwanza, nami nitakuwa uani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nilipokubeba mgongoni,

Mama Dobi