Nshaitika

Khairat mwanangu,

Samaki nshamtia chumvi, yumo ndani ya friji. ~~Wanao kawachukue skuli kwa gari langu.~~ Gari lisiguswe. Kawachukue kwa miguu.

Asubuhi nililitoa nikanunue mkate. Haibridi hii ikienda kwa betri haisikiki, nanyi mmenicheka vya kutosha: mzee wa magari ya mbio kastaafu, sasa anaendesha pasi ya umeme! Marehemu mama yako, lakini, ndiye aliyekuwa akililalamikia lile langu jekundu la mbio. “Linanguruma mno, nnakwita hunisikii!”

Basi leo nimemsikia. Nilikuwa nakata kona ya Kikwajuni, kimya, nikaitwa kutoka kiti cha pembeni: “Baba Khairat!” Sauti yake hasa. Kwa mazoea nikajibu, “Naam!” kabla sijageuka. Hapakuwa na mtu, ila kengele ya mkanda wa kiti kile ikaanza kulia. Gari nimelizima hapo nje, na bado inalia.

Nnakwenda Chwaka kwa daladala, kumsomea kaburini kwake. ~~Nitarudi adhuhuri.~~ Inshallah.

Wewe ukiitwa na usiyemuona, nyamaza; aitikaye humfuata. Mimi nshaitika.

Babaako