Siku Tulipokataa Kukuosha

Shoga yangu Saumu,

Nilitaka nianze kwa dua, nimeshindwa. Dua nakuombea kila swala, Mungu anajua, lakini nikishika kalamu hasira inanitangulia. Basi ipokee hivyo hivyo. Wewe hukuwahi kuniogopa nikiwa na hasira, ulikuwa unanicheka.

Unakumbuka darsani kwa Bi Tatu, hapa Mabawa, tulipokuwa tunafundishwa kuosha maiti? Ilibidi mmoja alale mkekani ajifanye ndiye maiti, na kila mara ulijitolea wewe. Tunakugeuza ubavu, tunapitisha kata isiyo na maji, Bi Tatu anaeleza, na tukikugusa kiunoni unacheka mpaka kanga inadondoka. Bi Tatu anakupiga kikofi cha mguu: "Maiti hacheki, we mtoto!" Halafu ikaja Jumamosi moja ukakataa kulala. Ukasema mgongo unauma, umeteleza chooni. Bi Tatu akafunga somo, akakuchukua kwake, ukamwonyesha.

Yeye na Maalim Idi, imamu wetu, ndio waliokwenda kwa wazee wa mtaa kukusemea kwamba mumeo anakupiga. Na wazee wakafanya nini? Wakaweka kikao barazani kwenu. Wakanywa kahawa uliyoipika wewe mwenyewe, wakala haluwa, wakakwambia mwanamke husubiri. Nilikuwa ukumbini, nikakusikia ukimuuliza mkubwa wao: "Subira yangu ina mwisho, mzee, au mwisho wake ni mimi?" Akakujibu umesoma sana kwa Bi Tatu. Wakasoma Fatiha, wakavaa viatu vyao, wakakuacha na mumeo.

Umesoma sana! Mpaka leo nikimwona yule mzee anapita na tasbihi yake navuka barabara, kwa sababu nikikutana naye uso kwa uso sitaweza kumwamkia.

Sasa nikueleze usiyoyaona. Asubuhi ile tuliambiwa umeteleza chooni, umekufa. Tulipofika turubai limeshafungwa, kaburi linachimbwa, jeneza limeletwa kutoka msikitini, wanaume barazani wanahimizana uwahi kuswaliwa adhuhuri. Ndani tuliingia watatu: mimi, Bi Tatu, na Bi Kidawa, shangazi yake mumeo. Maji ya majani ya mkunazi ya kukuoshea yalikuwa tayari. Bi Tatu akakufunua shingo. Vidole vilikuwa vinahesabika, Saumu. Vya kulia na vya kushoto.

Bi Kidawa akavuta kanga upesi akakufunika. "Aibu ya maiti husitiriwa," akasema. Na kweli, ndilo jambo la kwanza mwoshaji anafundishwa, tulilifundishwa pamoja mimi na wewe: ulichokiona kwa maiti umekiona wewe na Mola wako. Bi Tatu akaweka kata chini. Akasema polepole, kama yuko darsani, "Ya Saumu nitayasitiri mpaka na mimi naingia kaburini. Hii aibu si yake. Hii ina mwenyewe, na mwenyewe amekaa hapo barazani anapewa mikono ya pole." Akamwita Maalim Idi dirishani akamnong'oneza, kisha akanigeukia akaniambia nitie komeo mlangoni.

Nikatia. Ndipo makelele yakaanza. Maiti hacheleweshwi! Wanawake wamepagawa! Mmoja akasema uvunjwe mlango. Mumeo akalia kwa sauti, shoga, akalia vizuri kuliko mama yako mzazi. Aliyesimama na kuuziba mlango kwa nje ni Maalim Idi peke yake. Akawaambia maiti huharakishwa kwa heshima yake, si kwa ajili ya kumficha mtu, na kwamba ameshawaita polisi, mazishi yatawasubiri.

Polisi walikuja. Daktari naye akaona tulichokiona. Mumeo yuko mahabusu, kesi inatajwa na kuahirishwa, na kila nikienda nakuta ndugu zake wamejaza benchi wananikata jicho. Wewe tulikuosha kesho yake. Nilikuosha mimi kwa maji ya uvuguvugu, na nilipokugusa kiunoni nikasubiri ucheke.

Sikia sasa malipo yetu. Maalim Idi ameondolewa uimamu, ati anawaharibia watu wake zao. Bi Tatu amekatazwa kugusa kitanda cha kuoshea cha msikiti, na darsa tumefukuzwa kwenye chumba cha msikiti tulichokipaka rangi kwa mikono yetu, tunasomea uani kwake. Imamu mpya alipanda mimbari Ijumaa akasema wapo wanawake waliomvua nguo marehemu mbele ya dunia. Nilikuwa nyuma ya pazia. Hakuitaja mikono iliyokukaba, aliitaja ya kwetu. Nikasimama katikati ya hotuba nikatoka, na mlango niliubamiza.

Lakini wasidhani nimeondoka. Dini hii ndiyo iliyonifundisha kwamba dhulma ni dhulma hata akiifanya mume, na aliyenifundisha ni mwanamke, mbele yako. Sina pa kuipeleka imani yangu ili wao wakae kwa raha. Jumamosi nipo uani kwa Bi Tatu, Maalim Idi naye anakuja, anakaa mkekani na sisi, anatusomea sheria za talaka na mirathi, wapitao njia wanachungulia.

Na Jumamosi iliyopita, Saumu, amekuja mwanamke kutoka Maramba. Alisikia habari zetu sokoni, tunatukanwa: wale wanawake wanaokataa kuosha. Akamwamkia Bi Tatu shikamoo, akaomba mlango wa uani ufungwe na Maalim atoke kidogo. Halafu, bila ya kuambiwa, akalala kwenye mkeka. Tukadhani anaumwa. Akajifunua kanga mgongoni akasema, "Nitazameni sasa hivi, kabla hamjaletewa mnioshe."

Bi Tatu akapiga magoti, akatazama, na sisi sote tukatazama. Alikuwa amelala kwenye mkeka ule ule uliokuwa ukilalia wewe. Hakucheka, lakini alikuwa hai. Hajarudi Maramba mpaka leo. Yuko kwa Bi Tatu, na wanawe wanakimbizana na kuku uani.

Basi lala, shoga yangu. Kesi ikitajwa nitakuwepo, wakijaza benchi nitasimama. Bi Tatu magoti yanamsumbua, kata ameniachia mimi. Nakuahidi kila nitakayeletewa nitamwosha kwa upole kama nilivyokuosha wewe. Ya kwake nitayasitiri. Ya aliyemuua sitayasitiri.

Mimi shoga yako,
Riziki