Usaili wa Uaskari Magereza

Mwenzangu, nimetoka kwenye usaili wa uaskari magereza sasa hivi. Nimekaa kituoni, basi la pili limenipita.

Waliniuliza kama nina ndugu yeyote aliyefungwa. Nikasema sina. Yaani nilisema sina, huku nikijua kaka yangu anatumikia mwaka wa tatu mle mle ndani ya gereza walimonisaili.

Mara mlango ukafunguliwa, mfungwa akaingia na sinia la chai. Ni yeye! Kakonda, kanyolewa kipara.

Mkuu wa jopo akaona nimemkodolea macho. Akamuuliza, "Unamfahamu huyu dada?"

Kaka akanitazama usoni. "Simjui, afande."

Akaniwekea kikombe taratibu. "Karibu chai, mheshimiwa."

Mheshimiwa! Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, leo ananiita mheshimiwa.

Simjui, afande. Hata kupepesa macho hakupepesa.

Kazi wamenipa palepale. Naanza Jumatatu. Sisikii furaha, sisikii uchungu, sisikii kitu chochote.

Mama kapiga simu sasa hivi. Kaniuliza kama nimebahatika kumwona mwanawe, walau kwa mbali.

Nimemjibu sikumwona.