Fundi Zipu, Pafu Lako Lilifunguka

Mwaka umetimia, Fundi Zipu, tangu ututoke. Mimi mama yako ndiye ninayeandika kwa niaba ya wote, maana baba yako kila akishika kalamu machozi yanamtangulia.

Ulikuwa fundi hodari wa mabegi na zipu. Mteja akisogeza kiti kwa sababu ya kikohozi chako, ulimwambia: "Rudi bwana! Ugonjwa huu nimezaliwa nao, hauambukizi. Kinachoambukiza ni mdomo wangu." Akacheka, akarudi.

Makohozi mazito yalipoziba njia ya hewa na sehemu ya chini ya pafu lako la kulia ikasinyaa, daktari mmoja alituambia hapo hapafunguki tena. Mtaalamu wa mazoezi akasema tujaribu: uvute dawa ya mvuke, ulalie ubavu wa upande usioumwa, tukupigepige upande wa pafu lililosinyaa kwa kiganja kilichokunjwa kidogo, kisha ukohoe. Baba yako akaibandika picha ya mapafu dirishani, akaona weupe wa sehemu iliyosinyaa uko upande wa kushoto, akakupiga kushoto siku tisa, jasho linamtoka! Mtaalamu alipokuja akashika kichwa. "Mzee, picha inakutazama usoni. Kushoto kwako ndiko kulia kwake." Ulicheka mpaka ukapaliwa. Tukahamia kulia, na wiki ya sita picha mpya ilionyesha hewa imeingia mpaka chini.

Ukapata miaka minne. Basi yule aliyeninong'oneza msibani kwamba tulikutesa bure, ajibiwe hapa hadharani: si bure. Miaka minne ya kazi yako, ya kugombania redio na kaka yako, ya kunikosoa mapishi yangu, si bure hata kidogo.

Sasa ni mdogo wako, mwenye ugonjwa uleule. Mwezi huu kipande cha pafu lake la kushoto kimesinyaa, na maneno yameanza tena: mwacheni mtoto apumzike. Niliogopa, mwanangu, sikufichi. Jana niliacha katikati ya kupiga. Akageuza shingo pale kitandani.

"Mama, nani kakwambia nimechoka? Piga!"

Nikapiga.

Unakumbukwa na baba yako, mimi mama yako, bibi yako, kaka yako dereva, mdogo wako, na mafundi wote wa safu yako sokoni. Daima uko nasi, na hatuachi.